Kimo cha Mpiga Picha

Annah alikwenda kujifunza kuchora kwa sababu ya picha moja tu, na asikudanganye mtu kwamba ilikuwa ni upweke. Upweke alikuwa nao tangu zamani, hata mumewe akiwa hai, na hakuwahi kuutafutia darasa. Ni ile picha iliyomtoa kitandani Jumamosi asubuhi, siku ambayo wenzake wa mtaani Tassia, Nairobi, hufua, ikamfikisha kwenye ukumbi wa Jericho akiwa na brashi tatu ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, ya kusafishwa studio, kona moja imekunjika. Ndani yake yuko Wekulo, mumewe, amesimama ufuoni Mombasa, suruali ameikunja hadi magotini, bahari iko nyuma yake, naye anacheka. Sasa kucheka kule ndiko kulikokuwa shida. Wekulo aliyemjua Annah kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtu wa kucheka kwa nusu ya mdomo, kama anayeumwa jino na hataki ujue. Huyu wa kwenye picha amefungua mdomo wote, kichwa kimerudi nyuma, macho yamefumba nusu. Annah hakuwahi kuchekewa hivyo hata siku ya harusi yao. Na picha haijipigi. Kuna aliyeonekana na kuna aliyeshika simu, na yule aliyeshika simu ndiye aliyechekewa.

Alikuwa mwanamke, bila shaka. Annah alikuwa amekwisha kumtengeneza kichwani mwake mpaka akawa mtu kamili: mweupe kiasi, mnene kiasi, hina mikononi, mapozi mengi. Hata sauti alikuwa amempa. Ukikaa peke yako vya kutosha, hakuna kitu utakachoshindwa kukitengeneza.

Wekulo alifanya kazi bandarini miaka kumi na sita, nyumbani Nairobi akija mara nne kwa mwaka. Alipokufa, miaka miwili iliyopita, ni rafiki yake wa kazi, Bwire, aliyeleta begi lake hadi kwenye mazishi kwao Kimilili. Ndani mlikuwa na nguo, redio, Biblia, na hiyo picha imesokomezwa katikati ya Biblia. Siku ya tatu baada ya mazishi watu walikaa uwanjani wanyolewe nywele, na wazee wakauliza mbele ya wote, kama desturi ilivyo: ikiwa marehemu aliacha jambo mahali, au mtoto mahali, litajwe leo, asije mtu kesho na maneno. Hakuna aliyesimama. Bwire alikuwa anaangalia viatu vyake. Annah alishusha pumzi, kisha akajionea aibu, maana yeye mwenyewe hakuwa na mtoto wa kuonyesha. Mimba tatu zilikuja na tatu zikatoka, ya mwisho ikiwa na miezi sita.

Basi akarudi Nairobi kwenye cherehani yake. Ana kibanda sokoni Jericho, anashona sare za shule, na watu humwita Mama Yunifomu kwa vile hawana jina lingine la kumwita. Mwezi wa Januari kibanda hujaa watoto wa watu wamesimama mikono juu kama wametekwa nyara, naye anazungusha futi kifuani, kiunoni, begani. Ukimtajia darasa la mtoto atakutajia urefu wa sketi kabla hujamaliza sentensi. Jioni hurudi Tassia, ghorofa ya tatu, ambako ploti ya jirani imejengwa karibu sana hivi kwamba angeweza kumpitishia mtu chumvi dirishani bila kunyoosha mkono. Mchana taa inawaka. Anasikia mtoto wa ng'ambo akisomewa hesabu, anajua majibu, hawezi kuyasema.

Tangazo aliliona mlangoni mwa ukumbi: masomo ya kuchora kwa rangi ya mafuta, kila Jumamosi, mandhari ya pwani yenye watu. Alilisoma mara mbili. Wazo lililomjia halikuwa la kisanii hata kidogo. Alifikiri hivi: mchoraji anasimama palepale aliposimama mpiga picha. Nikimchora Wekulo kwa mkono wangu, mahali pale ni pangu. Atakuwa ananichekea mimi, na yule wa hina aende akatafute mume mwingine. Ni upuuzi, ndiyo, lakini wewe uliyewahi kufiwa utanielewa, na ambaye hajafiwa asubiri zamu yake.

Mwalimu aliitwa Mbugua, mzee wa kimya, vidole vimeingia rangi mpaka kwenye kucha. Maisha yake yote alichora bahari kwenye kuta za vinyozi na mahoteli ya Eastlands, samaki, minazi, wazungu wameketi chini ya miavuli. Wanafunzi walianza wanane. Walipojua kwamba rangi ya mafuta inataka subira wakaacha mmoja mmoja, wakabaki wawili: Annah, na msichana mmoja aitwaye Shiro, mpaka rangi za kucha wa Donholm, ambaye alisema amechoka kuchora kwenye vitu vidogo.

Na Annah nusura aachie ngazi wiki ya kwanza. Mbugua alikuwa amewaandikia orodha, na juu kabisa ikaandikwa: rangi ya mafuta, nyeupe. Sasa mtu wa Tassia ukimwambia rangi ya mafuta anajua unasema nini. Akaingia duka la hadiwea, akanunua mkebe wa nusu lita, ile ya kupaka milango, inayong'aa. Akaja nayo darasani na kijiti cha kukorogea. Akachora wingu.

Mbugua alisimama nyuma yake muda mrefu.

"Mama," akasema kwa upole, "hii ni ya grili."

Shiro alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wiki iliyofuata wingu lilikuwa limefanya ugozi juu kama maziwa yaliyopoa, na chini bado ni bichi, na ukiligusa linateleza lote kama godoro. Annah akaubeba mkebe ule nyumbani, akapaka mlango wake. Keateka anayesimamia ploti akampongeza, akasema laiti wapangaji wote wangekuwa hivyo.

Rangi yenyewe ya kweli, ile ya kwenye vibomba vidogo, ilimshangaza. Haikauki. Ukichora Jumamosi, Jumatano bado mbichi. Mbugua aliwafundisha kuanza na nyembamba, iliyochanganywa na tapentaini hadi ikawa kama chai ya mkopo, na kuja na nzito baadaye. Aliwafundisha kwamba mbingu hufifia kadiri inavyoshuka, kwamba bahari ya mbali ni nyeusi kuliko ya karibu, na kwamba mchanga si rangi ya manjano. Mchanga wa kwanza wa Annah ulikuwa ugali wa mahindi ya njano, mtupu, ukikosa sukuma wiki tu. Alijifunza kuutia zambarau kidogo, kisha kijivu, kisha akashangaa ulivyoanza kulowa.

Watu ndio waliomsumbua. Alianza na kola. Kisha vifungo, vinne, kila kimoja na matundu yake.

"Unamshonea shati," Mbugua akamwambia. "Mimi sikusema ushone. Mtu anaanza kama doa. Doa lenye uzito, lenye kivuli. Akishasimama vizuri ndiyo umvalishe."

"Na nikimwacha doa?"

"Kuna watu wanatosha wakiwa doa."

Alipenda kule ukumbini. Tuseme ukweli, alipenda. Dirisha lilikuwa kubwa na lilitazama uwanja wa mpira, si ukuta wa mtu. Kulikuwa na harufu ya tapentaini iliyokaa nguoni hadi Jumatatu. Na kwa kuwa rangi haikauki upesi, wiki nzima kulikuwa na kitu mahali kinachomngoja, kingali kibichi, kinachoweza kurekebishwa. Ni muda mrefu hakuwa na kitu cha namna hiyo.

Mwezi wa tatu, Mbugua aliwaambia kila mmoja alete picha yake ya kunakili. Shiro alileta ya rafiki zake watano Diani, wote wameinua mguu mmoja. Annah akaleta ile ya Wekulo. Mwalimu akawaonyesha njia ya miraba: unachora miraba midogo juu ya picha, miraba mikubwa ile ile juu ya turubai, kisha unanakili mraba mmoja mmoja bila kufikiri ni nini unachochora. Ukifikiri unaharibu. Chora ulichokiona, si unachokijua.

Nakwambia, kwa hilo Annah hakuwa na mpinzani. Alitoa futi. Alipima hata upana wa mstari wa penseli. Alikwenda mraba kwa mraba kwa wiki nne: huu una kipande cha mbingu, huu una goti, huu una mchanga, na huu wa chini kabisa una doa jeusi la mwani, akalichora doa la mwani kama lilivyo. Shati lilikuwa la kitenge, kijani na rangi ya chungwa. Alilijua. Alilishona yeye mwenyewe, Krismasi ya miaka saba iliyopita, na mwaka uliofuata likachanika kwapani Wekulo akalitupa. Kwamba alikwenda kuchekea wanawake akiwa amevaa kazi ya mkono wa mkewe, hilo lilimkaa kooni kila alipochovya brashi kwenye kijani.

Jumamosi ya wiki ya nne, Mbugua alikuja akiwa na kikombe cha chai, akatazama turubai, akasikitika.

"Mstari wa bahari umeuweka chini sana, mama."

"Nimepima."

"Umekosea kupima. Tazama, unampita kwenye mshipi. Haiwi hivyo." Akaweka chai chini. "Shiro, njoo nawe usikie. Ukisimama ufuoni, pale bahari inapokutana na mbingu panakuwa sawa na macho yako. Siku zote. Ukipanda juu ya kiti, mstari unapanda nawe. Ukichutama, unachutama nawe. Kwa hiyo mtu wa kimo chako akisimama mchanga ule ule, mstari utampita machoni, awe karibu, awe mbali. Vichwa vyote vinakaa kwenye uzi mmoja, kama nguo kwenye kamba. Nilichora kuta miaka thelathini kwa sheria hiyo moja."

Shiro akaangalia picha yake ya Diani. Kweli, rafiki zake wote watano walikuwa wameanikwa kwenye mstari kwa macho.

"Nimepima," Annah akarudia, na sasa sauti ilikuwa na makali. Unaweza kumwambia Mama Yunifomu mambo mengi, lakini si kwamba futi yake imekosea. Akamkabidhi ile picha ndogo.

Mbugua akavaa miwani. Akaipeleka dirishani. Alikaa nayo kitambo, kisha akarudi.

"Samahani," akasema. "Umepima vizuri. Ni kwenye mshipi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliyepiga, macho yake yalikuwa hapa." Akaweka kiganja bapa hewani, mbele ya mshipi wake mwenyewe, kama mtu anayeonyesha urefu wa meza. "Labda alichutama. Watu huchutama wakipiga picha."

Shiro alikuwa amerudi nyuma hadi katikati ya ukumbi, amefunga jicho moja, jinsi mwalimu alivyowafundisha kuiangalia kazi kwa mbali.

"Mathe," akaita. "Hiyo kitu hapo chini umesema ni nini?"

"Mwani."

"Si mwani hiyo. Ni shadow. Cheki, hiyo ni kichwa, hizo ni mikono zimeshika simu. Na nywele imefungwa mbili, huku na huku."

Annah akaenda akasimama karibu naye. Kutoka pale, doa alilokuwa amelichora mraba kwa mraba bila kulifikiria lilikuwa kivuli cha mtu, jua likiwa mgongoni mwake, viwiko vimetokeza pembeni, na juu ya kichwa vishungi viwili. Wala hakikuwa kivuli cha mtu aliyechutama.

Mbugua naye aliona. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani mbele ya mshipi, na Annah alimwona akiutazama kama aliyejikuta amesema neno baya kanisani. Akaugeuza polepole, kiganja kikasimama, vidole vikatazama juu. Kwa Mkikuyu kama yeye na kwa Mbukusu kama Annah, hapo hakuna tofauti: kiganja bapa ni cha meza na mbuzi. Vidole vikitazama juu unaonyesha mtoto wa mtu.

Annah hakuhitaji kuambiwa zaidi, kwa sababu suruali zote za Wekulo alizishona yeye. Kutoka kisigino hadi mshipi ni inchi arobaini na moja. Macho kwenye inchi arobaini na moja, kichwa kwenye arobaini na tano. Sketi inchi kumi na nane, kifua ishirini na nne, darasa la kwanza. Ameshona sare mia kadhaa za mtoto huyo.

Alipaki brashi zake bila kuziosha, kosa kubwa, na akatoka.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Kwanza alikuwa na hasira, hasira safi ya kuvunja sahani, na akavunja moja, kisha akalazimika kuifagia mwenyewe, maana nani mwingine. Akajaribu kumchukia yule mtoto. Alijitahidi kweli. Lakini yule wa hina alimchukia kwa miaka miwili bila taabu, na huyu wa vishungi alikataa kuchukika, kila akimleta mbele anamwona amesimama mikono juu, akingoja kupimwa. Alilia kwenye cherehani. Mteja mmoja akamuuliza kama ni vitunguu, kibandani kwa fundi, jamani.

Siku ya Alhamisi ndipo alipoanza kuhesabu. Miaka sita ya darasa la kwanza na saba ya tangu shati lile ni kumi na tatu. Ana miaka kumi na tatu. Yuko mahali, amefiwa na baba, na siku ya kunyoa hakutajwa. Mama yake sijui ni nani, sijui yuko hai. Na mimi nina kitanda cha pili kinachokaliwa na vitambaa. Ukishaanza hesabu ya namna hiyo huwezi kuizuia. Kufikia Ijumaa alikuwa amekwisha pata sentensi, na akawa anaisema juu ya mlio wa cherehani ili ilainike: Desemba shule zikifungwa, uje unitembelee. Desemba uje. Njoo Desemba, mwanangu. Hilo la mwisho alilitoa, likarudi, akalitoa tena.

Jumamosi alirudi ukumbini. Mbugua alikuwa ameziosha brashi zake.

"Mstari unaweza kuupandisha," akamwambia, akitazama kando. "Hakuna sheria inayosema unakili kila kitu. Ukiupandisha hadi machoni pake, itakuwa kama wewe ndiye umesimama hapo. Na hicho kivuli unakifunika kwa mchanga. Bado ni kibichi."

Ndicho hasa alichokijia miezi minne nyuma. Annah akachukua brashi, akachanganya nyeupe na zambarau kidogo na kijivu, mchanga mzuri kuliko wote aliowahi kuuchanganya. Akakaa nao kwenye kibao mpaka Shiro akamaliza mguu mzima wa rafiki yake wa tatu. Mwishowe akaufuta na kitambaa. Akachukua rangi nyeusi ya buluu, akaingia kwenye vile vishungi viwili na kuviweka sawa, kile cha kushoto kikiwa juu kidogo, kama alivyofunga mtu mwenye haraka.

"Hapo utakuwa umechora picha ya mtu mwingine," Mbugua akasema.

"Ni yake aliyeipiga," Annah akajibu.

Jumapili baada ya kanisa alijaza salio, akakaa ukingoni mwa kitanda, akampigia Bwire.

"Shemeji," Bwire akaitika kwa furaha. "Habari za Nairobi?"

"Nzuri. Bwire, yule mtoto sasa yuko gredi ya ngapi?"

Annah alisikia televisheni upande wa pili, kisha mlango ukifungwa, kisha hakuna televisheni.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimepima."

Bwire hakuuliza amepima nini. Akapumua kwa nguvu, akaanza kusema kama mtu anayeshusha gunia. Mtoto yuko gredi ya saba. Anaitwa Nasike, jina la mama yake Wekulo. Aliyemzaa alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba mtoto akiwa na miaka minne, akaolewa hukohuko, simu zikapungua hadi zikaisha. Wekulo akamlea, na alipougua akamkabidhi kwa Bwire na mkewe. Yuko hapo nyumbani, anakula na wenzake, anasoma vizuri, hesabu hasa.

"Na ile siku ya kunyoa ukaangalia viatu."

"Aliniapisha, shemeji. Alisema wewe umeumia vya kutosha na zile mimba. Alisema hilo asingeweza kukuongezea."

Annah hakujua alitarajia kusikia nini, lakini hilo lilimpata mahali pasipokuwa na kinga. Kumbe mtu anaweza kukuficha maisha yake nusu kwa kukuhurumia. Wekulo angekuwa hai angekula kofi, kisha sijui.

"Nipe niongee naye."

Sauti iliyokuja ilikuwa nyembamba, ya kipwani, imenyooka.

"Shikamoo."

Tassia hakuna anayekuamkia hivyo. Ilimchukua Annah muda kukumbuka kinachojibiwa. "Marahaba," akasema. "Mimi ni..." na hapo akakwama, kwa kuwa hakuwa amejiandalia jina.

"Najua. Mama Annah wa Nairobi."

"Ndiye." Sentensi ya Desemba ilikuwa tayari ulimini, lakini aliona aanze na kitu chepesi. "Nina picha moja ya baba yako ufuoni. Amevaa shati la kijani."

"Niliipiga mimi," Nasike akasema mara moja, na sauti ikachangamka. "Nilikuwa na miaka sita. Alikuwa hataki kucheka, anasema ana meno mabaya. Nami nilikuwa nimeng'oka meno mawili ya mbele. Nikamwambia, tazama yangu. Ndipo akacheka vile."

"Ndipo akacheka vile," Annah akarudia. Basi ilikuwa hivyo tu, meno mawili ya mtoto.

Kisha yule mtoto akauliza, bila ubaya wowote, kama anayetaka kuhakikisha jibu la hesabu:

"Eti ni kweli hupendi watoto?"

"Nani alisema?"

"Baba. Nilikuwa namwambia anilete Nairobi, ananiambia, mama wa kule hapendi watoto, utamsumbua. Kila nikimwomba."

Annah alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kamili, halina hata kipande kinachokosekana: mimba tatu, miezi sita, nguo ndogo za sufi alizozifunga kwenye karatasi na kumpa jirani. Sentensi moja tu, na mtoto angejua nani alipenda na nani alidanganya. Desemba angekuja. Angekuja mbio. Lakini kabla ya kuja angelazimika kumgeuza baba yake, yule aliyecheka mdomo wazi kwa ajili ya pengo lake, awe mtu aliyemdanganya kila alipoomba. Nasike hakuwa na mama. Baba alikuwa kaburini Kimilili, kaburi asilowahi kulikanyaga. Alichobaki nacho ni yule wa ufuoni, basi. Annah alitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Alitaka mtoto yule kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu ile ya miezi sita.

"Baba yako hakudanganya," akasema. "Nilikuwa hivyo."

"Mpaka leo?"

Ng'ambo ya dirisha jirani alikuwa anakaanga vitunguu.

"Kelele siziwezi," Annah akasema. "Wewe soma vizuri."

"Haya," Nasike akasema, taratibu. "Asante kwa kupiga."

Simu ikabadilisha mikono, na katikati ya kubadilisha Annah akamsikia akimwambia mtu, kwa sauti ya aliyeshinda ubishi wa siku nyingi: ni kweli, amekubali mwenyewe.

"Shemeji." Bwire alikuwa ameshusha sauti. "Umemwambia nini huyu mtoto? Mimi si najua ukweli? Kwa nini umefanya hivyo?"

"Mwache na baba yake, Bwire."

Bwire hakukata, wala Annah hakukata, na salio likaisha hivyo hivyo.